Namba Iliyoandikwa kwa Mkaa

Ya wiki hii nimeyapata kwa Dativa mwenyewe. Alinisimulia Jumapili iliyopita, tumetoka misa ya pili, tumekaa jikoni kwangu hapa Kibeta tunamenya ndizi. Alimenya vibaya siku hiyo, maganda yanatoka na nusu ya ndizi. Sikumkemea. Mtu anapotoa jambo zito tumboni, humsumbui kwa habari ya kisu.

Tulimwacha kwenye veranda ya ofisi yao mjini Bukoba, simu sikioni, chai inampoa mkononi. Mama yake, Vestina, alikuwa amepiga kutoka Muleba, kwenye kambi ya macho.

“Dativa, Ephrasia amerudishwa getini.”

“Amerudishwa na nani, mama?”

“Na mlinzi. Anasema jina lake halipo.”

“Tazameni vizuri. Labda wameandika jina la ukoo kwanza.”

“Tumetazama mpaka mlinzi amechoka na sisi. Ephrasia hayupo. Avit hayupo. Benigna hayupo. Tumetoka kijijini alfajiri na lori la parokia, limejaa, na aliyemo kwenye karatasi ni mmoja tu.”

“Nani?”

Vestina akashusha sauti.

“Mimi.”

Kwa aliyekosa gazeti la nyuma, nimweleze upesi. Ephrasia ni jirani yao kule juu ya Kamachumu, vibanja vyao vya migomba vinapakana. Vestina alipougua baada ya kujifungua, Ephrasia ndiye aliyembeba Dativa mgongoni mpaka mtoto akaanza kusimama. Sasa Ephrasia ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anakwenda kisimani kwa kupapasa migomba, mmoja baada ya mwingine. Madaktari wa macho walikuja Muleba, na hiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Jioni vifaa vinafungwa. Watarudi lini, hakuna aliyejua.

Na orodha ya wagonjwa wa kijiji kile aliisafisha nani? Dativa. Kwa mkono wake.

Majina aliyakusanya katekista Byarugaba. Aliandika watu nyumba kwa nyumba, akaandika baada ya misa, akaandika sokoni. Wazee wetu unawajua. Ukiwaandika nyumbani, wanakuja kuandikwa tena sokoni, wakiogopa kusahauliwa. Basi mtu mmoja akawa na mistari kadhaa. Daktari Nuriat, mkuu wa kambi, akamwambia Dativa: “Toa marudio yote. Kila mtu abaki mara moja.”

Dativa akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Orodha ndefu ikarudi fupi. Daktari Nuriat alipoona ilivyopungua akakasirika. “Huyu katekista ametujazia watu hewa!”

Byarugaba aliitwa ofisini. Akasema kwa upole, “Daktari, hawa wote ni watu. Nimeingia majumbani mwao. Nimekula kwao.”

Hapo ndipo Dativa wetu alipogeuza kompyuta ili mzee aone, akasema mbele ya watu wote, “Mzee, usihangaike. Kompyuta haina undugu.”

Byarugaba akaondolewa kwenye kazi ya kuandika siku hiyo hiyo. Dativa akapongezwa.

Haya, turudi verandani.

“Mama,” Dativa akauliza, “watu wanasemaje?”

“Unataka nikuambie?”

“Niambie.”

“Wanasema mtoto wa Vestina amewafuta wote akamwacha mama yake.”

Simu ikakatika. Au mama alikata. Dativa hajui mpaka leo.

Alimkuta Burhani mezani kwake anaumega mkate. Burhani ni kijana wa mjini, wamesoma pamoja, wanafanya kazi pamoja, wanataniana kama watoto wa nyumba moja.

“Dada, una sura ya mtu aliyefiwa.”

“Burhani, nimewafuta watu.”

“Watu gani?”

“Wa kwetu.”

Burhani akaweka mkate chini. “Nisomee amri uliyoandika. Usinisimulie. Nisomee.”

Dativa aliniandikia amri yenyewe pembeni ya gazeti la zamani, nami nainakili kama ilivyo:

sort -t, -k5,5 -u -o watu.csv watu.csv

Nilimuuliza mara nyingi mpaka ikaniingia. Faili lile lina mstari mmoja kwa kila mtu. Ndani ya mstari kuna mikato: jina, mkato, kitongoji, mkato, mwaka wa kuzaliwa, mkato, jicho gani, mkato, namba ya simu. Amri ile inasema: panga watu wote kwa kutazama safu ya tano, na ukikuta safu hiyo inafanana, mbakize wa kwanza, wengine watupe.

“Safu ya tano ni nini?” Burhani akauliza.

“Simu.”

“Kwa nini simu?”

“Majina wameyaandika ovyo ovyo. Huku herufi kubwa, huku ndogo, huku nafasi mbili. Nikaona namba haikosewi. Kila mtu ana namba yake.”

Burhani alicheka, lakini si kicheko cha furaha. “Kila mtu ana namba yake! Bibi yangu Zabibu hapa hapa mjini hana simu. Akiulizwa anatoa ya Najibu muuza duka. Shangazi zangu wote wanatoa ya Najibu. Nusu ya mtaa wetu ni Najibu!”

Dativa akakaa.

“Hebu tumtazame mama yako,” Burhani akasema. Akaufungua mstari wa Vestina. “Namba hii hapa mwishoni ni ya nani? Ya mama?”

Dativa akainama kuitazama. Alikuwa ameipitisha mbele ya macho yake siku ile na hakuisoma hata kidogo.

“Dativa, nimekuuliza. Ya nani?”

“Yangu.”

“Yako vipi?”

“Ni namba yangu mimi, Burhani. Hii ninayotumia.”

Ofisi nzima ilikuwa inapiga kelele za asubuhi.

Dativa akampigia mama yake tena. “Mama, nani aliwapa watu namba yangu?”

“Si uliniandikia wewe mwenyewe, Krismasi? Kwa mkaa, ukutani jikoni, ili nisiipoteze.”

“Na wengine wameipataje?”

“Byarugaba alipofika kwetu kuandika, nikawa wa kwanza. Akauliza simu, nikamsomea ya ukutani. Majirani wakasema sisi hatuna simu. Nikawaambia, ingieni jikoni muisome, ni ya mtoto wetu. Yuko mjini na madaktari, habari ikifika kwake imefika kwetu. Nimekosea?”

Dativa akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi.

“Dativa we, nimekosea? Wewe si mtoto wangu peke yangu. Ephrasia alikubeba.”

Msomaji wangu, wazee waliingia jikoni mmoja mmoja, wakainama penye moshi, wakaisoma au wakasomewa namba ile, kwa kujivuna kwamba nao wana mtu mjini. Na namba hiyo hiyo ndiyo iliyowafuta.

“Usilie,” Burhani akasema. “Utalia jioni. Faili la mwanzo liko wapi? Tulitoe, tulisafishe upya.”

“Halipo.”

“Halipo vipi?”

“Nililiandikia juu. Sikutaka faili mbili, nikaona zitachanganya.”

Burhani alishika kichwa kwa mikono miwili. “Yaani uliwatoa watu, halafu ukabomoa nyumba walimotoka?”

“Byarugaba analo. Kwenye flashi yake.”

“Mpigie.”

“Siwezi.”

“Dativa, mpigie.”

“Nilimwambia kompyuta haina undugu! Nitamwambia nini sasa?”

Hakuwa na haja ya kupiga. Mama alikuwa bado hajakata, na simu ilikuwa mezani inasikiliza yote. Sauti yake ikatoka pale kwenye mbao: “Byarugaba yuko hapa getini. Ameketi na watu wake. Njoo.”

Burhani aliomba gari la ofisi, akabeba kompyuta kwapani, wakaondoka. Kemondo, Muhutwe, hawakusimama hata kununua maji. Njia nzima Dativa alikuwa anatunga maneno. Nitasema mtandao ulikuwa mbovu. Nitasema programu ina kasoro. Kila uongo aliouonja aliukuta mtamu kidogo.

Getini Muleba watu walikuwa wamekaa kwenye kanga, migongo ukutani. Vestina alikuwa katikati yao. Alikuwa hajaingia ndani.

“Mama, umeitwa tangu asubuhi!”

“Nimeitwa peke yangu. Niingie nikaone nyuso za watu wanaonichukia?”

Mapajani alikuwa na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na majani na kuanikwa. Kwetu mgeni hupewa, jirani hupewa, mnatafuna ndipo mnazungumza. Kikapu kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyekuwa amechukua hata punje.

“Karibu, mwenye mama!” mama mmoja akasema.

“Sisi wengine tulizaliwa na mawe,” akadakia Avit, mzee mwenye kofia ya sufu, na kicheko kikali kikapita ukutani.

Ephrasia hakucheka. Alikuwa ameinua uso, macho meupe yanatazama pasipo na mtu.

“Huyo ni Dativa,” akasema. “Anaburuza mguu wa kushoto. Tangu alipoanguka kwenye mparachichi wangu.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Jamani, mwanangu, mbona mlinzi anasema sipo? Nami najisikia nipo.”



Byarugaba akasimama. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba medali ya Bikira Maria na flashi, pamoja.

“Nadhani umeifuata hii.”

“Ndiyo, mzee.”

“Nitakupa. Watu hawa sitawazuia kwa hasira zangu. Lakini sema kwanza, wasikie. Nani aliwafuta?”

“Mzee, kompyuta ili...”

“Kompyuta?” Byarugaba akauliza, taratibu kabisa. “Ile isiyo na undugu? Mbona ilimjua mama yako?”

Kicheko kingine. Vestina akainamisha kichwa. Dativa alipoona kichwa cha mama yake kinainama, uongo wote alioutunga njiani ukamtoka.

“Ni mimi,” akasema. “Mimi niliiambia itazame simu. Sikutazama majina yenu. Namba mliyoandika ni yangu, nami sikuitambua. Byarugaba hakuandika mtu hewa. Ni mimi.”

Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyesema haidhuru. Byarugaba akavua kamba, akafungua flashi, akaiweka mkononi mwa Dativa. Medali akairudisha shingoni.

Wakafanya kazi palepale, kompyuta juu ya benchi la mlinzi, watu wamewazunguka.

“Sasa tusifute,” Burhani akasema. “Kwanza nakala. Halafu tunatenga. Waliorudiwa tunawaweka kando, tuwaone kwa macho.”

Kwanza wakageuza herufi zote kuwa ndogo na kuziondoa nafasi zilizozidi, ili Avit wa herufi kubwa na Avit wa herufi ndogo wawe Avit mmoja. Halafu Dativa akatumia amri nyingine, inaitwa awk. Nilimuuliza ina tofauti gani na ile ya kwanza. Akasema hii ni kama mlinzi wa geti mwenye kumbukumbu nzuri: anasoma mistari mmoja mmoja kama ilivyokuja, hahitaji ipangwe. Anayepita mara ya kwanza anamruhusu na kumkumbuka. Akija tena anamwambia, wewe nimeshakuona, simama kando. Lakini ni wewe unayemwambia akukumbuke kwa nini. Safari hii alimwambia: jina, kitongoji na mwaka, vyote kwa pamoja. Simu usiiguse.

Waliosimamishwa kando wakaingia kwenye faili lao. Dativa akaanza kuwasoma kwa sauti.

“Avit Kyaruzi.”

“Huyo mmoja!” ukuta mzima ukaitikia. “Alijiandikisha kila mahali palipokuwa na meza!”

“Niliogopa kusahauliwa,” Avit akajitetea. “Na ona, nimesahauliwa.”

“Saburi Rugaibula.”

“Mmoja!”

“Benigna Rugaibula.”

Zikazuka kelele.

“Wawili hao!”

“Haiwezekani,” Burhani akasema. “Jina moja, kitongoji kimoja, mwaka mmoja.”

“Mimi hapa,” akasema mama mnene mwenye kilemba, akanyanyua mkono.

“Na mimi hapa,” akasema mwembamba aliyekaa pembeni yake, naye akanyanyua wake. “Mimi ni mke wa kaka mkubwa, yeye ni mke wa mdogo wake. Tumeolewa mji mmoja. Mwaka hatuujui sote, katekista akatuandikia unaofaa.”

“Mtanifuta tena?” akauliza yule mnene. “Semeni mapema, nimeacha maharage jikoni.”

Hata Dativa alicheka kidogo, ila aliniambia kicheko kile kilimchoma. Akamrudisha Benigna wa pili kwa mkono. Akaendelea kusoma, mmoja, mmoja, wawili, mmoja, mpaka faili likaisha. Orodha ikawa ndefu kuliko ya mlinzi, fupi kuliko ya Byarugaba, na kila jina lina mtu anayepumua.

“Mpelekee daktari,” Byarugaba akamwambia. “Na umwambie ulivyotuambia sisi.”

“Nitamwambia, mzee.”

Aliingia. Vestina akamfuata nyuma akimshika Ephrasia mkono, akamketisha mwisho wa ukuta pasiposikika maneno, yeye akasimama ukutani karibu. Byarugaba akabaki mlangoni, mbali kidogo, anatazama.

Daktari Nuriat alitoka chumba cha upasuaji, barakoa chini ya kidevu, macho mekundu kwa kazi.

“Dativa? Umefuata nini huku?”

“Orodha ya kijiji, Daktari. Imesahihishwa.”

Daktari akaipokea kompyuta, akaipitia orodha haraka. “Ahaa. Kumbe katekista ameleta majina ya kweli, baada ya kubanwa. Amengoja mpaka siku ya mwisho. Mtu wa kanisa! Nitashughulika naye.”

Dativa akafungua mdomo.

“Una jambo? Sema haraka, jua linakwenda.”

Na hapa, wasomaji wangu, nataka msimhukumu upesi, ingawa mimi nilishika kisu nikaacha kumenya. Aliniambia aliwaza hivi: nikisema sasa, atakasirika, ataniuliza maswali, ataiita ofisi, na Ephrasia atakaa ukutani mpaka vifaa vifungwe. Ephrasia kwanza. Mengine nitasema baadaye.

“Yule bibi haoni macho yote mawili,” akasema. “Naomba aanze yeye.”

“Aingizwe.”

Basi. Daktari akageuka.

Kule mlangoni Byarugaba aliinua nyusi, kama mtu anayeuliza, umemwambia?

Dativa akatikisa kichwa kukubali.

Byarugaba akafumba macho, akapiga ishara ya msalaba, akatoka nje kuwapa watu wake habari.

Ephrasia akaingia, akatoka na bandeji jicho moja. Benigna mnene akaingia, Benigna mwembamba akaingia. Avit akaingia akilalamika, akatoka akilalamika. Vestina alikataa kupanga foleni mbele. “Nilikuwa wa kwanza siku ya kuandikwa,” akasema, “leo niwe wa mwisho.” Jua likaenda. Daktari akanawa mikono, akasema sasa basi, mikono yake imechoka, hawezi kumgusa mtu jicho.

Aliyebaki bila kufanyiwa, kwenye orodha nzima, alikuwa mmoja tu. Mama yake Dativa.

“Daktari,” Dativa akamfuata penye bomba, “ni mama yangu.”

“Jicho lake moja bado linaona kiasi. Atangoja tutakaporudi.” Daktari akajifuta mikono. “Lakini nisikilize. Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujaondoka, wazee wa kanisa wanakuja hapa. Nimewaita. Nataka Byarugaba avuliwe ukatekista. Wewe utawaonyesha kwenye kompyuta, kama ulivyonionyesha mimi. Wewe ndiye shahidi wangu.”

Hiyo ndiyo ile baadaye aliyojiahidi mwenyewe. Wamesimama wawili, hakuna mgonjwa anayengoja, hakuna jua linalokwenda.

“Ndiyo, Daktari,” akasema.

Nilimuuliza, “Kwa nini?” Akajibu, “Sijui, bibi. Mdomo ulishazoea.”

Wagonjwa waliolala kambini walipewa uji na kuambiwa wajinyooshe mapema, bandeji zitafunguliwa asubuhi. Ephrasia alipewa kitanda cha dirishani. Vestina alipewa mkeka, Dativa akatandika kanga pembeni yake. Nje, chini ya dirisha, Byarugaba alikuwa amejilaza kwenye benchi la mlinzi, anaimba wimbo wa Maria polepole. Anaimba kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Dativa,” Ephrasia akaita.

“Naam, bibi.”

“Ulimwambia daktari? Kwamba si Byarugaba, ni wewe?”

Dirisha lilikuwa wazi. Wimbo wa nje ukapungua kidogo.

“Nilimwambia, bibi.”

“Umefanya vizuri. Mimi siku nzima nilikuwa na donge na wewe. Vestina, kile kikapu chako kiko wapi?”

Vestina akakisogeza bila neno. Ephrasia akapapasa, akachukua tunda moja la kahawa kavu, akalivunja kwa meno. Ndani mlikuwa na punje mbili. Moja akaitia shavuni. Nyingine akaitafutia kiganja cha Dativa, akaiweka pale, akavifunga vidole vyake juu yake.

“Hizi zilikua ndani ya ganda moja,” akasema. “Kwetu mtu hali nusu na mtu anayemdanganya. Wewe kula. Nimekusamehe.”

Dativa akapeleka mkono mdomoni. Mkono ukarudi na punje yake. Ephrasia hakuona. Bandeji huku, weupe huku, angeonaje?

Punde akaanza kukoroma. Nje wimbo ukakatika katikati ya ubeti, na benchi likanyamaza. Redio ya mlinzi ilikuwa bado haijafika taarifa ya habari ya usiku.

Dativa alidhani wote wamelala.

“Jicho langu moja linaona bado,” Vestina akasema gizani.

Dativa akaifumba punje kiganjani.

“Nilikuwa pale ukutani. Daktari alikuuliza kama una jambo. Ulimwombea Ephrasia, ukafanya vyema. Jingine hukulisema. Nilikuona ukimtikisia kichwa mzee wa watu.”

“Mama...”

“Usinieleze. Jioni penye bomba nilikuona na kukusikia pia. Kesho saa mbili nitaketi mbele kabisa. Sitasema kitu. Nitakutazama tu, kwa jicho hilo hilo.”

Akajivuta kanga mpaka kichwani, akageukia ukuta, na baada ya muda pumzi yake ikawa ndefu.

Dativa alibaki ameikodolea dari. Karibu na kichwa chake ilikuwepo kompyuta kwenye mfuko wake, mafaili yote mawili ndani, la uongo na la kweli, na simu yenye namba ya kijiji kizima. Punje ilikuwa imelowa jasho kiganjani. Mara alitaka kuamka akamgongee daktari. Mara alisema, kesho. Aliyasema yote mawili mpaka maneno yakachanganyika, mwili ukamshinda, na usingizi ukamchukua ngumi ikiwa bado imefumbwa.